Moto, Kovu na Karatasi ya Maabara: Vipimo vya Damu Vyasema Nini Juu ya Ini?



Waswahili tangu kale wamelipa ini cheo kilicho karibu na cha moyo. Habari ikiwa nzito, twasema imekata maini. Lakini ini lenyewe, lile la nyama lililoko upande wa kulia chini ya mbavu, lina tabia ya ukimya. Jino likitoboka, nyumba nzima hailali. Ini laweza kuharibika miaka kumi, hata ishirini, na mwenye nalo akaendelea kukanda mahamri, kwenda sokoni na kulea wajukuu bila ya kuhisi lolote. Kwa hiyo aghalabu habari ya ini haitufikii kwa njia ya maumivu. Hutufikia kwa karatasi ya maabara.

Na karatasi hiyo hiyo ndiyo inayozusha maswali. Yuko mama aliyepimwa damu akaambiwa CRP iko juu, maana yake mwilini mna mchochota. Jirani akamwambia hilo ni ini, na kwamba limeshakuwa gumu. Tangu siku hiyo halali. Yuko na mwingine, mwenye ugonjwa wa sukari na kitambi cha miaka mingi, ambaye daktari alimtaka akapimwe ugumu wa ini. Nyumbani akaambiwa asipoteze pesa, kwani CRP yake ni ya kawaida na damu "haina kitu". Wa kwanza ameogopa jambo lisilothibiti. Wa pili ametulia mahali pasipostahili utulivu. Wote wawili wamekiuliza kipimo swali ambalo si lake.

Mimi si tabibu. Nitakayoyasema ni yale ambayo watu wa fani hiyo wamekubaliana, nikiyaweka kwa lugha ya nyumbani, ili mtu akienda kwa daktari wake ajue la kuuliza.

Mchochota ni nini?

Ukijikata kwa kisu jikoni, mahali pale huwa pekundu, pakapata joto, pakavimba na kuuma. Huo ndio mchochota. Askari wa mwili wamefika kupambana na vijidudu na kuondoa taka. Pasipo na mchochota kidonda hakiponi. Adui yetu ni ule usiozimika, unaofuka chini kwa chini kama pumba za mpunga, miezi na miaka.

Mwaka wa 1930, wataalamu wawili wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, William Tillett na Thomas Francis, waliona jambo katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mlikuwa na kitu kinachoshikana na sehemu fulani ya kijidudu cha maradhi hayo, sehemu waliyoiita C. Baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho ni protini, nayo ikaitwa CRP, yaani protini inayoitikia C. Hadi leo ni miongoni mwa vipimo vya mchochota vinavyotumika sana duniani.

Sasa tulizingatie hili, kwa kuwa ndilo ufunguo wa makala haya: kiwanda cha CRP ni ini lenyewe. Popote mwilini panapowaka moto, iwe kooni, mapafuni, kwenye fizi au katika njia ya mkojo, askari wa mwili hutuma wajumbe kupitia damu. Mkubwa wa wajumbe hao huitwa interlukini-6. Ini likiupokea ujumbe, huanza kumwaga CRP. Kiwango huanza kupanda baada ya saa sita hivi, hufika kileleni kwa muda wa siku mbili, na chanzo kikiondoka, nusu yake hupotea kwa kila saa 19 hivi.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. CRP ndiyo mbiu hiyo. Hutujulisha kwamba kuna jambo, ila haisemi ni jambo gani wala liko mtaa upi. Mama mwenye mafua makali wiki hii atakuwa na CRP ya juu, na ini lake likawa zima kabisa.

Vipimo vingine vina udhaifu kama huo. ESR hupima kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama ndani ya mrija kwa muda wa saa moja. Hupanda kwa mchochota, lakini hupanda pia kwa ujauzito, kwa upungufu wa damu na kwa umri. Feritini huhesabiwa kuwa ni kipimo cha akiba ya chuma mwilini, nayo hupanda vilevile mwili ukiwa na mchochota, au ini likiwa na mafuta. Basi mwenye feritini ya juu asikimbilie kusema ana chuma kingi.

Moto unavyogeuka kovu

Ndani ya ini mna chembe ndogo zenye umbo la nyota, ambazo Mjerumani Karl von Kupffer alizieleza mwaka wa 1876. Wakati wa amani, kazi yake ni kuhifadhi vitamini A. Moto ukidumu ndani ya ini, chembe hizi huacha kazi ya ghala zikaanza kufuma nyuzi za kolajeni, jamii ya nyuzi zile zile zinazofanya kovu la ngozi.

Kovu dogo halidhuru. Lakini sababu isipoondolewa, nyuzi huongezeka na kuungana, na ini lililokuwa laini likaanza kukakamaa. Madaktari huzipanga hatua za makovu kuanzia F0, ambapo hakuna kovu, hadi F4, ambayo huitwa sirosisi. Katika hatua hii ya mwisho damu itokayo matumboni hukosa njia ya kupita. Wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula hutanuka hata yaweza kupasuka. Hapo ndipo ini linapovunja ukimya wake, na mara nyingi huwa muda umekwenda.

Zamani kulijua kovu kulihitaji sindano ya kuchukua kinofu cha ini. Leo sindano hiyo ingalipo kwa wanaoihitaji, ila wengi hupimwa bila ya kuchomwa. Tangu mwaka wa 2003 imekuweko mashine ya Kifaransa iitwayo FibroScan, na nyingine za aina hiyo zimefuata. Mgonjwa hulala chali, kifaa kikawekwa katikati ya mbavu za kulia, kikagonga ngozi kwa wepesi. Tetemeko husafiri ndani ya ini. Penye ulaini huenda polepole. Penye ugumu huenda mbio. Mashine huipima kasi hiyo na kutoa jibu kwa kilopaskali. Kwa kawaida ini zima huwa chini ya 7. Jibu likivuka 12 hadi 15, daktari huingia wasiwasi wa sirosisi, ingawa mipaka hutofautiana kulingana na sababu ya ugonjwa.

Moto na ugumu vina uhusiano gani?

Uhusiano upo, na una sura tatu. Anayeijua moja akaziacha mbili hupotea njia.

Sura ya kwanza ni ile tuliyoieleza: moto wa muda mrefu huzaa kovu, na kovu huzaa ugumu. Nchini Marekani, uchunguzi wa taifa wa afya na lishe uitwao NHANES ulianza mwaka wa 2017 kuwapima raia wa kawaida ugumu wa ini, pamoja na kuchukua damu yao. Watafiti waliozisoma kumbukumbu hizo wameona kwamba, kwa wastani, wenye CRP ya juu huwa na ini gumu zaidi. Lakini wastani wa maelfu si hukumu ya mtu mmoja. Mafuta ya tumboni na ugonjwa wa sukari huiinua CRP, na hayo hayo hulijeruhi ini. Waweza kuwaona watu wawili wakitoka pamoja kwa sababu wanakaa nyumba moja, wala si kwa kuwa mmoja amemzaa mwenziwe.

Sura ya pili: moto mpya huliongezea ini ugumu hata pasipo na kovu. Ini lililovimba kwa homa kali ya ini, lililozibwa njia ya nyongo, au lililojaa damu kwa sababu moyo ni dhaifu, husoma ugumu mkubwa kwenye mashine. Hata chakula huupandisha ugumu kwa muda, kwa kuwa damu nyingi humiminika kuelekea ini baada ya kula. Ndiyo maana mtu huambiwa asile kwa saa tatu hivi kabla ya kipimo. Na ndiyo maana daktari mwangalifu, akiona vimeng'enya vya ini, ALT na AST, vimepanda sana, hangoji tu jibu la mashine. Hungoja moto upoe kisha akapima tena.

Sura ya tatu ndiyo iliyojificha, nayo ndiyo ya yule mama wa pili. Moto waweza kuwa umefifia na kovu likabaki. Wapo wenye sirosisi ambao ALT yao ni ya kawaida. Isitoshe, tulisema kiwanda cha CRP ni ini. Ini likishachoka kwa makovu, haliwezi tena kutengeneza CRP ya kutosha hata mwili ukishambuliwa na vijidudu. Mlinzi amelala, mbiu haikulia, na wezi wamo ndani. Kwa hivyo CRP ya kawaida haimpi mtu cheti cha uzima wa ini.

Kwa ufupi, vipimo vya mchochota hujibu swali, "Je, mwilini mnawaka?" Kipimo cha ugumu hujibu swali jingine, "Je, ini limekakamaa kiasi gani?" Majibu yake husomwa pamoja, tena mbele ya mtu aliyesomea.

Hesabu ya bei nafuu

Mashine hizo hazipatikani kila mji, na gharama yake si ndogo. Ipo hesabu inayotumia vipimo vya damu vya kawaida, iitwayo FIB-4, iliyotangazwa mwaka wa 2006. Huchukuliwa umri kwa miaka, ukazidishwa kwa AST. Jibu hugawanywa kwa idadi ya chembe za kugandisha damu, iliyozidishwa kwa kipeo cha pili cha ALT, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa ALT. Chembe za kugandisha damu zimetiwa humo kwa sababu wengu ukivimba huzizuia, na idadi yake hushuka.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 50 ana AST ya 30, ALT ya 36 na chembe za kugandisha 250. Hamsini mara 30 ni 1,500. Kipeo cha 36 ni 6, na 250 mara 6 ni 1,500. Jibu ni 1. Chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Mama mwingine wa umri huo huo ana AST ya 64, ALT ya 64 na chembe 130. Hamsini mara 64 ni 3,200. 130 mara 8 ni 1,040. Jibu ni 3 na ushei. Likizidi 2.67, huyo hana budi kuchunguzwa zaidi. Aliye baina ya hizo mbili ndiye anayefaidika sana na mashine ya ugumu. Aliyevuka miaka 65 huwekewa mpaka wa chini wa 2 badala ya 1.3, na kwa vijana wa chini ya miaka 35 hesabu hii haitegemewi. Wala isifanywe mtu akiwa katikati ya ugonjwa mkali, kwani AST ya siku hizo hudanganya.

Aibu inayoua

Sasa nije kwenye jambo linalouma zaidi ya sindano. Katika miji yetu ini gumu limefungamanishwa na pombe. Mama ambaye hajawahi kuonja kileo maishani mwake huambiwa ini lake lina kovu, na jambo la kwanza analolifikiria si dawa, bali ni namna ya kuficha. Wifi watasema nini? Mkwe atadhani nini? Wako waliozikunja karatasi za hospitali wakazitia chini ya kitambaa kabatini, wasirudi tena kliniki.

Pombe hulidhuru ini, hilo halina shaka. Lakini si mlango pekee. Mlango mpana ni mafuta kwenye ini, yanayofuatana na kitambi, ugonjwa wa sukari na mafuta mengi katika damu. Duniani takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne au zaidi ana hali hiyo. Tutazame meza zetu bila ya chuki: chai ya sukari vijiko vitatu, soda kwa kila mgeni, kaimati zilizozama shirani, viazi karai vya jioni, biriani ya kila mwaliko. Mtu hahitaji chupa ili aliumize ini.

Mlango wa pili ni homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maradhi hayo kwa hali sugu. Wengi waliyapata utotoni, mara nyingi kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, tisa katika kila kumi hubaki nayo. Mtu mzima akiambukizwa, wengi hupona wenyewe. Haiambukizwi kwa kula sinia moja, kukumbatiana wala kupeana mkono. Hupita kwa damu na kwa tendo la ndoa. Basi wembe wa kumnyolea mtoto nywele, wa tohara na wa kuumika uwe mpya, na sindano ya kutoga masikio isitumiwe kwa watoto wawili.

Iko na milango mingine. Nafaka iliyoota ukungu hubeba sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004, Ukambani na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka wa 2018 watafiti waliochunguza wagonjwa wa Harar, Ethiopia, walichapisha matokeo yanayohusisha utafunaji wa miraa na ugonjwa sugu wa ini, na muguka ni wa mti huo huo. Tusisahau dawa za kienyeji zisizojulikana mchanganyiko wake, na vidonge vya maumivu vinavyomezwa kupita kipimo.

Kwa hiyo, enyi waume na wakwe, akija mgonjwa na habari ya ini, msimuulize kwanza amekunywa nini. Muulizeni kliniki ni siku gani, kisha mumsindikize. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na mara nyingi anayeficha amefichishwa na ndimi za watu wa nyumbani mwake.

La kufanya

Mwenye CRP ya juu asikate tamaa. Amweleze daktari kama alikuwa na homa, jino bovu au kidonda, kisha arudie kipimo baada ya wiki chache akiwa mzima. Mwenye sukari, kitambi au homa ya ini aina ya B asitosheke na CRP ya kawaida. Aombe ALT, AST na hesabu ya chembe za damu, kisha amuulize daktari juu ya FIB-4. Mama mjamzito apimwe homa ya ini aina ya B, kwani zipo dawa na chanjo za kumkinga mwanawe. Watoto wapelekwe chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo ndani yake mna kinga hiyo. Shirika la Afya Duniani laagiza pia dozi ya ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Ulizeni hospitali mnayojifungulia.

Na ziko bishara njema. Kovu la ini si kama la ngozi; laweza kupungua sababu yake ikiondolewa. Utafiti uliofanywa Cuba na kuchapishwa mwaka wa 2015 uliwafuata watu 293 wenye mafuta na mchochota wa ini kwa muda wa mwaka mmoja. Miongoni mwa waliopunguza uzito kwa asilimia 10 au zaidi, karibu nusu makovu yao yalirudi nyuma. Mwenye kilo 90 hiyo ni kilo tisa, na mwaka mzima una wiki za kutosha. Kahawa tungu nayo, ile ya mzee wa dele, imeonekana katika tafiti nyingi kuwa wanywaji wake huwa na makovu machache. Haijawa dawa, ila mnywaji asiifuatishe na kipande kikubwa cha haluwa.

Aliye na sirosisi asifunge kabla ya kumuona daktari wake. Mwili wake hauna akiba, na njaa ya muda mrefu humla misuli. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua, wala asione haya kuipokea ruhusa hiyo.

Ombi langu juma hili ni dogo. Kila nyumba ifungue lile kabati, izitoe karatasi zilizokunjwa, na mmoja wa vijana wetu waliosoma aketi na mama yake wazisome pamoja. Penye alama ya kuulizia, waiandike, kisha waende nayo kwa daktari.